Neno Kabla ya Uji

Mimi nina hasira za karibu. Nianze na hilo, ili mtu asije akadhani haya ninayoyasimulia yalimpata mtu mpole. Nikichelewa nafoka, nikikosea nafoka zaidi, maana hapo sina wa kumsingizia. Wenzangu wa mwaloni Kibirizi, kando ya ziwa, tunakonunua dagaa wabichi na kuwaanika, wananijua vizuri. Wakiniona nimejifunga khanga kiunoni asubuhi wanasogeza ndoo zao na kunipisha.

Mama yangu ni mtu mwingine kabisa. Ni Muha aliyeletwa mjini na ndoa, sauti yake ndogo, na Kiswahili chake mpaka leo kina Kiha ndani yake. Hakukaa darasani hata siku moja. Kusoma hajui, kuandika hajui, ila Biblia anayo, kubwa, nyeusi, imefungwa kwa kipande cha kitenge, na ole wako uiweke sakafuni. Tulipokuwa wadogo baba ndiye aliyekuwa akimsomea. Baba alipofariki ikawa zamu ya kaka. Kaka akahamishwa kikazi mbali, nikabaki mimi kitinda mimba, na kazi ikawa yangu.

Kila asubuhi, basi. Mimi naishi mtaa wa Katubuka, yeye mtaa wa Buzebazeba. Kabla sijashuka Kibirizi lazima nipite kwake. Namwamkia kwa Kiha, mwakeye mama, anaitikia na kuuliza watoto wangu mmoja mmoja, kisha ananionyesha kigoda. Nasoma sura moja, siku nyingine mbili, yeye amefumba macho na mikono ameiweka magotini. Nikimaliza anasema amina, ananiombea kazi, naondoka. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo, na watu kanisani walikuwa wakinisifu. Nami nilikuwa nazipenda hizo sifa, nisiseme uongo.

Sifa hizo ndizo zilizonifanya niombwe kufundisha wamama Jumatano moja. Somo lilikuwa umuhimu wa kusoma Biblia kila siku. Kuongea najua, mdomo sikunyimwa. Nikawaambia huwezi kumpeleka mtoto shule na njaa, lakini roho yako unaipeleka sokoni tumbo tupu kila siku, tena unashangaa kwa nini inazimia njiani. Nikawaambia kuanzia kesho mtu asitie kitu mdomoni kabla hajailisha roho yake. Neno kwanza, uji baadaye. Wamama wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Mama yangu alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka. Kesho yake nilipofika nilikuta chupa ya uji imefungwa, kikombe kikavu. Akangoja mpaka nikafunga kitabu, ndipo akamimina. Zamani alikuwa anakunywa uji wake mapema, nikimkuta ameshamaliza.

Nilifurahi, jamani. Nilijiona mwalimu.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mtu. Wakati nafundisha somo lile, mimi mwenyewe nilikuwa sisomi. Ilikuwa yapata miaka miwili. Hakuna jambo kubwa lililotokea, sikukasirikia kanisa wala sikumwasi Mungu. Ni biashara, ni simu, ni uchovu, ni kesho, ni kesho tena. Biblia yangu ya nyumbani ilikuwa chini kabisa ya mfuko wa sare za kwaya, na nilikuwa naijua iko wapi kwa sababu nilikuwa naipapasa kila nikitafuta sare. Neno pekee lililopita machoni pangu lilikuwa lile la dakika kumi na tano za mama, na hizo nazo nilikuwa nazisoma huku jicho moja liko kwenye saa. Wamama niliwafundisha kutoka kwenye akiba ya zamani.

Kisha mama akaugua. Alikonda, akawa anakunywa maji mtungi mzima, miguu inamwaka moto. Tukaambiwa ni kisukari, na baada ya vidonge kushindwa tukaambiwa ni sindano, kila siku, maisha yote. Mama hawezi kusoma alama za bomba la sindano, nami mikono inanitetemeka nikiona sindano tu. Mungu akatupa jirani. Ni mama mtu mzima, Mwislamu, ukoo wao ni wa Ujiji tangu mababu, na kabla ya kustaafu alikuwa mhudumu wa zahanati. Akasema msihangaike, mimi nikishaswali alfajiri nakuwa macho, nitakuja nimchome dada yangu. Saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi alikuwa anafungua mlango wa nyuma, anatoa dawa kwenye chungu tulichokizungushia mchanga wenye maji ili isipate joto, anachoma, anarudi kwake.

Muuguzi wa kliniki ya kisukari alitueleza kwa uwazi, na mimi ndiye niliyekuwepo kusikiliza. Akishachomwa ale, isipite nusu saa. Asipokula sukari itashuka, na ikishuka sana mtu anapotea. Nikaitikia kwa kichwa. Nikapiga hesabu zangu: sindano saa kumi na mbili na nusu, mimi nafika saa moja kasoro robo, saa moja kamili kitabu kimefungwa na uji unamiminwa. Inatosha kabisa. Tena kwa ujuaji wangu nikaingia jikoni kwa mama nikaondoa kila kitu kitamu. Sukari nikabeba, asali ya shamba niliyoletewa nikaigawa kwa wanakwaya, hata soda za wageni nikazitoa. Nikamwambia mama, humu ndani utamu umekwisha. Alicheka tu.

Mwanzoni nilifika kwa wakati. Halafu ukaja msimu wa dagaa wengi, na mwenye kufanya kazi hii anajua, ukichelewa mwaloni dakika ishirini unakuta wazuri wameshachukuliwa, unabaki na waliosagika. Nikaanza kufika saa moja kasoro tano. Saa moja. Saa moja na dakika tano. Nikifika nasoma mbio, naruka mistari yenye majina marefu, naruka hata vipande visivyo na majina. Mama alikuwa anafumbua jicho moja na kusema, hapo umeruka. Nabisha. Anasema, haya. Anafumba tena.

Nikapata wazo nililoona la maana sana. Nikamnunulia kile kiredio cha kuchomeka kadi, kimewekwa Biblia nzima kwa sauti ya mwanamume mmoja anayesoma vizuri kuliko mimi na kuliko mchungaji. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikamwambia asubuhi huyu atakusomea, kisha unywe uji, mimi nitapita mchana. Mama akakisikiliza jioni ile, akasema sauti nzuri. Asubuhi nilipompigia simu akasema amekizima, ananingoja. Nikaenda, lakini nilikasirika siku nzima. Niliona ni ukaidi wa uzee.

Tufike siku yenyewe.

Niliamka nikatazama nje, nikaona upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, milima haionekani kabisa. Wingu lilikuwa limekaa juu ya maji, zito, na upepo umeanza kuja kwetu. Dagaa wangu wa jana walikuwa Kibirizi kwenye chanja ya kuanikia, nusu wakavu nusu wabichi, nimewaacha wazi kwa sababu jioni anga lilikuwa safi. Dagaa akishalowa akiwa nusu mkavu hana thamani tena, ananuka, unampa kuku. Nikasema nikimbilie Kibirizi kwanza, niwafunike kwa turubai, nirudi Buzebazeba mara moja. Nikapanda bodaboda nikashuka chini.

Saa moja kamili nilikuwa bado nahangaika na turubai. Upepo unalivuta, mimi nalivuta. Nikatoa simu nikampigia mama, akapokea.

"Mama, leo kunywa uji kwanza. Mvua inakuja na dagaa wako nje."

"Nitakungoja."

"Umeshachomwa sindano?"

"Nimechomwa."

"Basi kunywa, mama. Muuguzi alisema nini?"

"Nitakungoja, mwana wanje. Wewe njoo tu."

Alivyoniita mwanangu kwa Kiha, kwa upole, ndivyo alivyoniudhi. Matone ya kwanza yalikuwa yananipiga kichwani, kona moja ya turubai imeshachomoka, na mwanamke wa chanja ya pili ananipigia kelele nimsaidie kushika lake. Nikasema neno ambalo nitalikumbuka mpaka naingia kaburini.

"Basi kaa na njaa yako."

Nikakata simu.

Mvua ikaja kweli. Si mvua ya kuzungumzia, ilikuwa inaanguka imelala kwa upepo, mawimbi yanapanda hadi karibu na chanja za mbele, watu wanapishana na mawe ya kukandamizia turubai. Nilifanya kazi kama mashine. Saa moja na nusu nikajibanza chini ya kibanda cha mama ntilie nikapiga tena. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikasema moyoni, amenuna, na anune. Hata mimi nimenuna. Nikaiweka simu kwenye mfuko wa nailoni nikarudi kwenye mvua.

Saa mbili kasoro dakika kumi nikapiga tena. Haikupokelewa. Kiburi ni kitu kibaya, nikajiambia atakuwa ameiacha chumbani. Hata hivyo nikampigia jirani nimwombe amchungulie. Jirani akapokea, nyuma yake nasikia watu wengi. Alikuwa Ujiji msibani, ameondoka asubuhi ile ile mara tu baada ya kumchoma mama. Akaniambia amemwacha amekaa mkekani ananingoja, Biblia mapajani.

Akauliza kama ina maana sijafika.

Nikamwambia sijafika.

"Mwanangu, kimbia," akasema, na simu akaiacha wazi bila kuikata, nasikia anawaambia watu wampishe.

Niliyaacha yote. Turubai moja lilikuwa wazi, dagaa wangu wananyeshewa, na sikugeuka hata kuwatazama. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amejikinga kwenye kibaraza akasema kwenye mvua hii haendeshi mtu. Nikapanda nyuma yake. Nikamwambia mama yangu anakufa. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliwasha pikipiki.

Tulipita stesheni, tukaanza kupanda kuelekea Mwanga, maji mekundu yanashuka barabarani yanaturukia hadi kifuani. Pikipiki inateleza, yule kijana anaweka miguu chini, anainua, tunakwenda. Nikataka kuomba. Nikafungua mdomo, nikasema Bwana, na baada ya hapo sikupata kitu. Nikatafuta mstari, mstari wowote, ule ambao mtu anaushika akiwa hana pengine pa kushika. Nilikuwa na mistari mingi zamani, nilikuwa naitaja bila kufungua kitabu. Siku ile nilipapasa, nikapapasa, nikakuta patupu. Kilichokuwa kinarudi kichwani mwangu ni maneno yangu mwenyewe, kaa na njaa yako, kaa na njaa yako, mpaka tunafika Buzebazeba.

Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Mama alikuwa mkekani, mgongo ukutani, kichwa kimelala begani. Khanga yake ilikuwa imelowa, nikadhani paa linavuja, kumbe ni jasho. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi. Macho yalikuwa nusu wazi lakini hayakuniona mimi. Nikaita mama, nikaita tena, akatoa sauti nzito isiyokuwa neno. Biblia ilikuwa mapajani na vidole vyake vimeing'ang'ania. Pembeni chupa ya uji imefungwa, kikombe kikavu.

Muuguzi alikuwa amenifundisha, hilo namshukuru. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, atapaliwa, mlaze ubavu, mpake sukari ndani ya shavu na kwenye fizi. Nikamlaza. Nikakimbilia jikoni. Nikafungua kopo la kwanza, majani ya chai. La pili, chumvi. La tatu, unga wa ulezi. Nikavuta ndoo, nikapekua kabati, nikamwaga kapu zima chini, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hamna sukari ndani ya nyumba hii kwa sababu mimi ndiye niliyeitoa yote. Hata kijiko kimoja sikubakiza. Nilisimama katikati ya jikoni nikapiga yowe.

Nikatoka. Kwa jirani kumefungwa. Nyumba ya pili mbwa, hakuna mtu. Dukani kwa mzee mmoja wa pale kona dirisha lilikuwa limeshushwa nusu kwa ajili ya mvua. Nikaingiza mkono chini ya dirisha, nikaishika pakiti ya sukari na kuivuta. Yule mzee akanishika kiganja. Alikuwa ananifahamu tangu mtoto, nami sikumwamkia, nilimtazama tu. Akaniachia. Nilikimbia peku, ndala nilishazipoteza sijui wapi.

Nilichovya kidole kwenye maji, nikachovya kwenye sukari, nikampaka ndani ya shavu. Tena. Tena. Nikawa naongea ovyo, namwambia meza mama, meza, nisamehe, meza. Sukari ilikuwa inamtoka pembeni ya mdomo inachanganyika na mate, naipangusa naweka nyingine. Nikiwa hapo akaingia yule kijana wa bodaboda, kumbe hakuondoka, alikwenda kuita bajaji. Tukambeba yeye na mimi. Biblia haikutoka mikononi mwake, ikabidi twende nayo.

Ndani ya bajaji kichwa chake nilikipakata. Naendelea na kidole, naendelea na sukari. Tumefika karibu na lami nikahisi ulimi wake unagusa kidole changu. Alimeza. Kisha midomo ikaanza kusogea. Nikainamisha sikio. Alikuwa anasema kunguru. Kunguru, kunguru, halafu kitu cha Kiha sikukipata, halafu kunguru tena. Nikazidi kuogopa, nikajua akili imeshaondoka, anaona ndege. Nikamwambia hakuna kunguru mama, uko na mimi.

Akasema, kwa sauti ya mtu aliye mbali, mkate asubuhi, na jioni tena.

Hapo nikajua. Hakuwa anaona ndege. Alikuwa kwenye habari ya yule nabii aliyejificha kijitoni wakati wa njaa, kunguru wakawa wanamletea mkate na nyama. Nilimsomea habari hiyo wiki iliyopita, mbio mbio, na hapo kwenye kunguru nilikuwa nimeruka. Mama hakuwa na sukari kichwani, hakuwa ananijua mimi mtoto wake wa kuzaa, lakini kipande nilichokiruka alikuwa nacho kizima. Mimi nilikuwa na akili zangu zote na sikuwa na hata kimoja. Nililia mpaka dereva akageuka.

Hospitalini walimpima kwa kile kimashine cha kutoboa kidole, na muuguzi alipoona namba akaita mwenzake kwa sauti ya juu. Wakaweka dripu, wakasukuma maji ya sukari kwenye mshipa. Mimi niliambiwa nisimame nje ya pazia. Nilisimama nikiwa nimelowa, nanuka dagaa, peku, na mkononi nimeshika pakiti ya sukari iliyopasuka. Sikujua kama nasubiri mama au nasubiri kuitwa niambiwe. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Muuguzi akatoka. Akasema amefungua macho, ameuliza yuko wapi. Nikakaa chini pale pale. Naye akaanza kunigombeza, na alikuwa na haki. Akataka kujua ni nani aliyemwambia mgonjwa wa sindano asile asubuhi. Ningeweza kusema ni ukaidi wake, ni mzee, hasikii. Siku nyingine zote ningesema hivyo.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Walisema akae mpaka jioni wamwangalie, maana sukari inaweza kushuka tena. Jirani alifika kutoka Ujiji na ushungi wake wa msibani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anampapasa mama miguu. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema yeye kesho hatamchoma mpaka aone uji umemiminwa kikombeni, na kama dini zetu zitagombana kwa ajili ya uji basi zigombane. Mama akacheka kidogo. Jirani akarudi msibani, tukabaki wawili.

Saa saba hivi wakaleta uji. Nikanyanyuka nimshikie kikombe, akanikataza kwa jicho, akakishika mwenyewe. Akanywa wote bila kungoja mtu, akapangusa mdomo. Mimi nilikuwa nimepanga hotuba tangu asubuhi.

"Mama, kuanzia kesho unakula kwanza. Niliwafundisha vibaya. Mungu hakatazi mtu uji."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku zote najua. Sikuwa nangoja kwa ajili ya somo lako."

Mama akageuza kichwa kwenye mto akanitazama vizuri, macho yake yamerudi yote.

"Mimi nimesomewa tangu naolewa," akasema. "Baba yako, kaka yako, wewe. Yamo humu. Usiponisomea mwezi mzima, sitakufa njaa ya neno. Wewe ndiye husomi."

Nilitaka kubisha. Mdomo nilishaufungua. Lakini mtu ambaye nimemwokota mkekani saa chache zilizopita ningembishia nini? Akaendelea polepole, kwa Kiswahili na Kiha, kwamba zamani nilikuwa namsomea kama ninamletea habari za nyumbani, na sasa ninasoma kama barua ya mtu mwingine. Kwamba zamani nilikuwa nasimama katikati nikisema, mama, hapa sikupajua, na sasa ni zaidi ya miaka miwili sijasimama popote. Aliyajua yote hayo akiwa amefumba macho.

"Nikila," akasema, "utasema mama ameshakula, utakwenda kwa dagaa wako. Na usipokuja kwangu, utasoma wapi?"

Kumbe ile sheria yangu ya Jumatano mama aliichukua akaifanya kamba ya kunivutia mimi. Njaa yake ndiyo iliyokuwa inanileta kila asubuhi kwenye kile kigoda, nami nilidhani ninakwenda kumlisha yeye.

"Ungekufa, mama."

"Sikujua kama ingefika huko," akasema. "Hizo sindano sizijui. Ninayekujua ni wewe."

Nikaweka uso kwenye shuka lake nikalia, si kile kilio cha bajaji, kingine. Aliniacha. Mikono yake ilinipita kichwani ikatafuta pembeni ya mto, ikaivuta Biblia, akaufungua ule ukanda wa kitenge mwenyewe na kuniwekea mapajani.

Nikajipangusa macho nikauliza nimsomee wapi, kama anataka habari ile ya kunguru, safari hii bila kuruka.

"Mimi nimeshiba," akasema. "Soma wewe."

Ikanichukua muda kuelewa. Kisha nikaifungua, nikasoma peke yangu, kwa midomo tu, bila sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili anakohoa na mvua bado iko kwenye bati. Maneno hayakuja vizuri mwanzoni. Nilirudia mstari mmoja mara tatu. Nikaendelea. Nilipofika mwisho wa sura nikainua kichwa, nikamkuta bado ananiangalia mdomo, vile alivyokuwa akiniangalia nikiwa mdogo mpaka sahani iishe.

"Ongeza nyingine," akasema. "Hiyo haitoshi."